Mbunge wetu ni wa nani? Maswali ya wasomaji kuhusu mifumo ya uchaguzi

Tangu tulipotangaza kwamba safari hii tutajibu maswali ya mifumo ya uchaguzi, barua zimemiminika. Nyingi zinasema jambo moja kwa sura tofauti: mbunge akishapata kura haonekani tena, je, tatizo ni yeye au ni mfumo? Tumechagua barua saba. Penye hesabu tumeiandika yote, ili mwenye kalamu aweze kuirudia mwenyewe.

SWALI: Wahariri, shikamooni. Kijiweni kwetu tunabishana. Mmoja anasema Tanzania ihamie mfumo wa uwiano, kila chama kipate viti kulingana na kura zake. Mwingine anasema tukifanya hivyo hatutakuwa tena na mbunge wa jimbo, tutaletewa majina ya orodha yaliyopangwa Dodoma. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Iringa)

JIBU: Marahaba. Wote wawili wameshika kweli, kila mmoja upande wake, kwa sababu uwiano una sura nyingi. Upo wa orodha tupu, ambako jimbo la mbunge mmoja hufutwa. Upo na wa mseto, ambako majimbo yanabaki palepale na viti vya orodha vinaongezwa juu yake. Huo wa pili haujulikani sana huku kwetu, ingawa Lesotho imeutumia tangu 2002.

Walifikaje huko? Mei 1998 Lesotho ilipiga kura kwa mfumo kama wa Tanzania na Kenya: jimbo moja, mbunge mmoja, mwenye kura nyingi anachukua. Chama cha LCD kikapata takriban asilimia 61 ya kura na viti 79 kati ya 80. BNP, chenye karibu robo ya kura za nchi nzima, kikaambulia kiti kimoja. Kwa mfumo ule, matokeo ya namna hiyo yanaweza kutokea bila sanduku hata moja kuibwa: chama chenye robo ya kura kila mahali kinashika nafasi ya pili kila mahali, na nafasi ya pili haina kiti. Lakini nani angeamini? Maandamano yakaanza, Septemba majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakaingia, na sehemu kubwa ya katikati ya mji wa Maseru ikachomwa moto.

Dawa waliyokubaliana haikugusa jimbo hata moja. Majimbo 80 yakabaki, vikaongezwa viti 40 vya fidia, Bunge likawa la viti 120. Hesabu yake ina hatua tatu. Jumlisha kura za vyama vyote nchi nzima, gawanya kwa 120. Jibu ndilo bei ya kiti kimoja. Gawanya kura za kila chama kwa bei hiyo. Unapata viti ambavyo chama kinastahili. Halafu, na hapa ndipo penye siri yote, toa majimbo ambayo chama kimeshashinda. Pengo linalobaki linajazwa kutoka kwenye orodha.

Mwaka 2002 LCD ilishinda tena karibu majimbo yote kwa asilimia kama 55 ya kura. Kwa bei ya kiti ilistahili viti 66 hivi, na ilishavizidi, kwa hiyo haikupata hata kimoja cha orodha. BNP, bila jimbo hata moja na kwa asilimia kama 22 ya kura, ikapata viti 21. Hesabu kamili ingeipa 27, lakini anayezidisha fungu lake hanyang'anywi jimbo alilopewa na wananchi, basi wengine wanagawana kilichosalia.

Ujanja ukaja 2007. Mpiga kura alikuwa anapewa karatasi mbili, moja ya mgombea wa jimbo na moja ya chama. LCD haikuweka orodha. Iliwaambia wafuasi wake kwamba kwenye karatasi ya chama wapigie chama kidogo rafiki, NIP. NIP haikuwa na jimbo, kwa hiyo hatua ya kutoa ilipofika hapakuwa na cha kutoa. LCD ikabeba majimbo 61, NIP viti 21 vya orodha, jumla 82 kati ya 120, kwa kura za orodha zilizozidi nusu kidogo tu. Wapinzani wao ABC nao walicheza mchezo uleule na chama kidogo cha LWP: majimbo 17 na viti 10 vya orodha. Tundu lilizibwa kabla ya uchaguzi wa 2012 kwa kufuta karatasi ya pili. Tangu hapo kura moja inafanya kazi mbili: inamchagua mtu wa jimbo, kisha inaingia kwenye kapu la chama chake. Dawa hiyo nayo ni chungu. Ukimpenda mgombea lakini chama chake hukitaki, huna pa kukimbilia.

Mwaka huo wa 2012 chama cha DC kilipata viti 48, ABC 30, LCD 26, na serikali ikaundwa na ABC, LCD na BNP kwa viti 61, kimoja tu juu ya nusu. Haikudumu. Wakarudi kwenye sanduku 2015, wakarudi tena 2017. Anayekupigia debe la uwiano bila kukutajia hilo anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Sasa turudi kijiweni kwenu. Mkitaka kujua kama mbunge atarudi kijijini, tazameni nani anaweza kumnyima tiketi. Kwenye jimbo la mbunge mmoja ni wajumbe wa kura za maoni ndani ya chama, kisha wananchi. Kwenye orodha iliyofungwa ni wale wanaopanga majina, na aliye namba moja hana shida ya kuonekana kwenye misiba yenu. Orodha ya Lesotho ni ya namna hiyo. Wenzetu wa Maseru wana mbunge wa jimbo wa kumkamata shati, na wana wabunge 40 ambao bosi wao ni chama.

SWALI: Mbunge wa viti maalumu alipita hapa kijijini. Tulipomwomba atusaidie kisima kilichokufa akatuambia twende kwa mbunge wa jimbo. Basi yeye ni mbunge wa nani? (Msomaji, Kanda ya Ziwa)

JIBU: Kisheria ni mbunge kamili, mwenye kura na sauti kama wengine, isipokuwa hawezi kuwa Waziri Mkuu, kwa kuwa Ibara ya 51 ya Katiba inataka Waziri Mkuu atoke kwenye wabunge wa majimbo. Tofauti kubwa iko kwenye njia aliyoingilia. Wabunge wanawake wa viti maalumu wanatakiwa wasipungue asilimia 30 ya wabunge wengine wote. Chama kilichopata walau asilimia 5 ya kura halali za ubunge kinapeleka majina kwa Tume, na viti vinagawanywa kwa uwiano wa kura hizo za ubunge. Jina lake hamkuliona kwenye karatasi ya kura. Ndani ya CCM, kwa mfano, mchujo wa nafasi hizo unapitia kwa wajumbe wa UWT, jumuiya ya wanawake ya chama hicho, mkoani, basi anayetaka kurudi Bungeni lazima ang'are kwao kwanza. Fuata tiketi, utamwelewa.

Kisima sasa. Alichowaambia kina ukweli kidogo, kwa sababu mfuko wa jimbo ulioundwa kwa sheria ya 2009 una kamati, na mwenyekiti wake ni mbunge wa jimbo. Lakini hata yeye si fundi wa pampu. Maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, tangu sheria ya 2019, na huko chini kuna chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, CBWSO. Anzeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Muhtasari usainiwe na mwenyekiti na mtendaji, orodha ya mahudhurio iambatanishwe. Nakala moja iende kwa diwani ili iingie kikao cha kata, nyingine RUWASA wilaya, ya tatu kwa mbunge wa jimbo, ya nne mpelekeeni huyo mama wa viti maalumu. Hana fungu la mfuko wa jimbo, lakini ana swali la Bungeni, na swali halina jimbo.

Barua nyingi za namna hii hufia mezani kwa sababu zinasema "kisima ni kibovu" na kuishia hapo. Andikeni kilichimbwa mwaka gani, kina aina gani ya pampu, kilichoharibika ni kipi (mpira, bomba, mota, au maji yenyewe yameshuka), kaya ngapi zinakitegemea, na kijiji kitachangia nini.

Neno moja zaidi kwa yule wa Iringa. Viti maalumu vya Tanzania tayari ni orodha ya uwiano, ila haina ile hatua ya kutoa. Chama chenye asilimia 60 ya kura na asilimia 90 ya majimbo kinachukua pia kama asilimia 60 ya viti maalumu. Kwa hesabu ya Lesotho kisingepata hata kimoja. Kenya imekwenda mbali zaidi upande huo: viti 12 vya kuteuliwa Bunge la Taifa vinagawanywa kwa uwiano wa viti ambavyo chama kimeshashinda, chini ya Ibara ya 90. Mwenye nacho anaongezewa.

SWALI: Wakubwa zangu, jambo. Huku Lubumbashi mtu wetu alipata kura nyingi, tulihesabu wenyewe, akaachwa. Mwingine mwenye kura hata nusu hazifiki akapita. Kama si wizi ni nini? (Msomaji, Lubumbashi)

JIBU: Inawezekana ni wizi, inawezekana ni hesabu. Tuanze na hesabu, kwa sababu hiyo mnaweza kuikagua wenyewe mezani.

Kongo, penye kiti kimoja, mwenye kura nyingi anashinda. Penye viti viwili na kuendelea, unampigia mtu mmoja, lakini kura yako kwanza inaingia kwenye kapu la orodha yake. Viti vinagawiwa kwa orodha, kisha ndani ya orodha wanapita wenye kura nyingi. Bei ya kiti ni kura zote halali kugawanywa kwa idadi ya viti, na viti vinavyobaki vinakwenda kwa orodha zenye masalio makubwa.

Chukua mfano wa kubuni: viti 5, kura 100,000. Bei ya kiti ni 20,000. Orodha A ina kura 46,000, B 29,000, C 15,000, D 10,000. A inanunua viti 2, inabaki na 6,000. B inanunua 1, inabaki na 9,000. C na D hazinunui kitu, zinabaki na 15,000 na 10,000 zao. Viti viwili havijapata mwenyewe, na masalio makubwa ni ya C na D. Matokeo: A 2, B 1, C 1, D 1.

Sasa fungua kapu la A: wagombea wake wana 18,000, 13,000, 11,000, 3,000 na 1,000. Yule wa 11,000 anabaki nje. Fungua la D: 4,000, 2,500, 1,500, 1,200 na 800. Mwenye 4,000 anakwenda Kinshasa. Hapo hakuna aliyeiba, na mtu wenu wa 11,000 anaweza kulia mpaka kesho.

Kuna mtego wa pili. Sheria iliyofanyiwa marekebisho Desemba 2017 iliweka kizingiti cha asilimia 1 ya kura za nchi nzima. Orodha isiyofikia inaondolewa kabla ya mgawo kuanza, hata kama mgombea wake ndiye kinara wa mji. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mtu wenu si kura zake ngapi. Mwulize orodha yake ilipita kizingiti?

Na kwa nini vyama ni vingi kiasi kile? Rudi kwenye mfano. Wakubwa wa A wakigawanya watu wao katika orodha nne zenye 12,000, 12,000, 11,500 na 10,500, hakuna hata moja inayofikia bei ya kiti. B inanunua kimoja, vinabaki vinne vya masalio. C inachukua kwa 15,000, na orodha tatu za A zinachukua kwa 12,000, 12,000 na 11,500. Kura zilezile 46,000, viti vitatu badala ya viwili, na D imekufa. Mnaona sasa kwa nini mtu mmoja mkubwa ana vyama vitano vya pembeni. Kizingiti kililetwa kuzima hilo, nao wakajibu kwa kuunda makundi ya vyama ili wavuke pamoja.

Kwa uhusiano wa mbunge na mtaa, mfumo huu una faida moja ya kweli: mshindani wako mkubwa yumo kwenye orodha yako mwenyewe, basi lazima utafute kura za jina lako, nyumba kwa nyumba. Hasara yake ni kwamba mji mzima unakuwa na wabunge wengi na mtaa mmoja unakosa wa kwake.

Kama baada ya hesabu hii bado mnaona kuna wizi, hesabu mliyoifanya kichwani haitawasaidia kortini. Ushahidi ni fomu ya matokeo ya kila ofisi ya kupigia kura: nakala waliyopewa mashahidi wa chama, au picha ya ile iliyobandikwa mlangoni. Picha ionyeshe namba ya ofisi, idadi ya waliopiga, kura zilizoharibika na saini zote. Wengi wanapiga picha ya mstari wa mgombea wao peke yake. Hiyo haithibitishi chochote, kwa kuwa mgawo unategemea jumla ya kura zote.

SWALI: Tunataka kumrudisha nyumbani mjumbe wetu kabla ya uchaguzi. Fomu ya IEBC, tume ya uchaguzi, tunaipata wapi? (Msomaji, Magharibi mwa Kenya)

JIBU: Inategemea mnamrudisha yupi.

Mbunge au seneta: Ibara ya 104 ya Katiba ya 2010 inawapa wapiga kura haki hiyo, na Sheria ya Uchaguzi ya 2011 iliweka njia. Njia yenyewe ilikuwa na mageti mengi, ikiwemo kwanza kupata uamuzi wa Mahakama Kuu, kisha saini za asilimia 30 ya waliojiandikisha. Mwaka 2017, katika kesi ya Katiba Institute, Mahakama Kuu ikavifuta vifungu muhimu kwa kuwa viliibana mno haki yenyewe. Bunge halikuandika vingine, na 2025 IEBC ilisema wazi kwamba kwa wabunge na maseneta hakuna sheria ya kufuata. Haki ipo kwenye Katiba, mlango haupo. Wanaotakiwa kuujenga ni walewale ambao ungewatoa. Mtu akiwauzia fomu ya kumrudisha mbunge, ametengeneza mwenyewe.

MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, ni habari nyingine. Sheria ya Serikali za Kaunti ilirekebishwa 2020, kwa hiyo yeye anaweza kurudishwa. Sababu zinazokubalika ni ukiukaji mkubwa wa Katiba au sheria, kushindwa kazi, utovu mkubwa wa maadili, au kupatikana na hatia ya kosa lenye adhabu ya kifungo cha miezi sita au zaidi. Ombi haliwezi kuletwa kabla ya miezi 24 tangu achaguliwe, wala ndani ya miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu. Waliochaguliwa Agosti 2022, mlango wao ulifunguka Agosti 2024 na unafungwa Agosti 2026. Saini zinazotakiwa ni asilimia 30 ya waliojiandikisha katika wadi.

Wadi yenye wapiga kura 14,000 inahitaji saini 4,200. Msikusanye 4,200. Kusanyeni 5,500, kwa sababu zitachujwa. Zinazokatwa mara nyingi ni za watu wanaoishi hapo lakini wamejiandikisha kwingine, za waliotia saini mara mbili sokoni na kanisani, za namba za kitambulisho zilizokosewa tarakimu moja, na kurasa nzima zenye mwandiko mmoja. Kila karatasi iwe na sababu ya ombi juu yake. Saini zilizo kwenye karatasi tupu zinampa wakili wa MCA nafasi ya kusema watu hawakujua wanatia saini nini.

Kwa mbunge, silaha mliyonayo leo ni ombi kwa Bunge chini ya Ibara ya 119. Linaandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, linasema mmeshajaribu nini na kama jambo liko mahakamani, na linakabidhiwa kwa Karani wa Bunge, ambaye ana siku saba kulikagua. Halimtoi mtu, ila linaingia kwenye kumbukumbu likiwa na majina yenu.

Wenzenu wa Uganda wako pabaya zaidi. Ibara ya 84 ya Katiba yao ina haki ya kumrudisha mbunge, lakini marekebisho ya 2005 yanasema haki hiyo ni ya wakati wa mfumo wa Movement tu, ule usio na ushindani wa vyama, na mfumo huo hauko tena. Uingereza saini ni asilimia 10 tu, wiki sita, baada ya mbunge kufungwa au kusimamishwa na Bunge. Hata huko si mteremko: mwaka 2018, katika jimbo la North Antrim, walipungukiwa saini 444.

SWALI: Mgombea akibaki peke yake, bado anapita bila kupingwa? (Msomaji, Mtwara)

JIBU: Hapana. Sheria ya uchaguzi ya 2024 iliondoa hilo; mgombea pekee anapigiwa kura ya ndiyo au hapana.

SWALI: Ninaishi Johannesburg na nina uraia wa huku. Nataka kumwandikia mbunge wangu wa eneo. Nimetafuta jina lake, silioni. (Msomaji, Johannesburg)

JIBU: Hulioni kwa sababu halipo. Viti 400 vya Bunge la Afrika Kusini vyote ni vya orodha, 200 vya taifa na 200 vya mikoa tisa ya nchi. Vyama vinawagawia wabunge wao ofisi za maeneo, kwa hiyo njia ya mkato ni kuuliza chama chochote chenye ofisi karibu nawe nani amepangiwa hapo. Diwani wa wadi, huyo unaye wa kumchagua kwa jina, na kwa taka na maji ndiye wa kuanza naye.

Tume ya Van Zyl Slabbert ilipendekeza mwaka 2003 maeneo 69 yenye wabunge kadhaa kila moja, jumla 300, na viti 100 vya taifa vya kusawazisha. Ripoti ikawekwa kabatini. Juni 2020 Mahakama ya Katiba, katika kesi ya New Nation Movement, ikaamua kwamba mtu ana haki ya kugombea bila chama, na sheria ya 2023 ikawafungulia wagombea binafsi. Mei 2024 wapiga kura wakapewa karatasi tatu badala ya mbili. Hakuna mgombea binafsi aliyepata kiti. Si ajabu: utaratibu huo ulimpambanisha mtu mmoja na orodha za vyama katika eneo la ukubwa wa Gauteng. Mlango ulifunguliwa ila ngazi haikuletwa.

Watanzania wanaolijua jambo hili watamkumbuka Mchungaji Christopher Mtikila, aliyeipeleka hoja hiyohiyo mpaka Mahakama ya Afrika pale Arusha. Uamuzi wa tarehe 14 Juni 2013 ulimpa ushindi. Mgombea binafsi bado hayupo kwenye karatasi ya kura ya Tanzania.

SWALI: Asalaam aleikum. Tunasikia mipaka ikipitiwa upya, Lamu Mashariki itafutwa kwa kuwa watu ni wachache. Ni kweli? (Msomaji, Kizingitini)

JIBU: Waaleikum salaam. Haijaamuliwa, lakini hofu yenu ina hesabu nyuma yake.

Kenya ina maeneo bunge 290, na Katiba hairuhusu zaidi. Kipimo ni watu wote waliohesabiwa, watoto na wasiojiandikisha wakiwemo, kugawanywa kwa 290. Sensa ya 2019 ilipata watu 47,564,296, hivyo wastani ni 164,015. Ibara ya 89 inaruhusu kupungua au kuzidi kwa asilimia 40 kwa miji na maeneo yenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko. Kwa asilimia 40 chini kabisa ni 98,409, juu kabisa 229,621. Lamu Mashariki ilihesabiwa watu 22,000 na kitu. Mtu mmoja wa Kizingitini ana uzito wa watu saba wa eneo la wastani.

Mlinusurika kwenye mapitio ya 2012 kwa sababu Jedwali la Sita la Katiba lilikataza eneo lolote lililokuwepo kufutwa. Kinga hiyo ilikuwa ya mapitio ya kwanza tu. Ya pili yalitakiwa yakamilike kufikia Machi 2024, muda ukapita IEBC ikiwa haina makamishna. Waliapishwa Julai 2025.

IEBC ikiita maoni, msiende na hoja ya kwamba mmeonewa tangu uhuru. Ibara ya 89(5) imetaja inachopaswa kuangalia: umbo la ardhi na miji, maslahi ya pamoja ya jamii na uhusiano wao wa kihistoria, kiuchumi na kitamaduni, na njia za mawasiliano. Andikeni ukurasa mmoja: kutoka Kiunga hadi Faza ni saa ngapi kwa boti, nauli ngapi, miezi gani ya kusi bahari haipitiki, wavuvi ni wangapi na wakulima wa bara ni wangapi. Idadi ya watu peke yake haitawatetea, maana kaunti nzima ya Lamu, Mashariki na Magharibi pamoja, ina watu 143,920, na eneo bunge moja linawabeba wote bila kuvunja kipimo.